Mtakatifu Giuseppe Cottolengo, Mtu Aliyemwachia Mungu Siku ya Kesho

Ndugu wapenzi, ninyi mnaojitayarisha kupokea Ubatizo mtakatifu, kila siku mwasali sala ya Baba Yetu, na katika sala hiyo mwamwomba Mungu mkate wa leo. Hamwombi mkate wa mwaka mzima, wala hamwombi ghala iliyojaa. Mwaomba wa leo tu. Sala hiyo ni nyepesi mdomoni wakati mahindi ni mengi na watoto ni wazima. Lakini siku ile muhogo umeoza shambani, mtoto ana homa, na jirani anakunong'oneza uende kwa mpiga ramli, hapo ndipo ijulikanapo kama moyo unasali pamoja na mdomo.

Leo twataka kuwasimulia habari za padri mmoja aliyeishika sala hiyo kwa moyo wake wote. Alilisha maskini mamia kwa mamia, wala hakuweka akiba ya kesho. Jina lake ni Giuseppe Benedetto Cottolengo, ndiyo kusema Yosefu Benedikto, mtu wa nchi ya Italia. Msidhani kwamba alizaliwa na tumaini hilo limekwisha komaa. Alikuwa na miaka 41 Mungu alipomfungua macho, na alimfungua macho karibu na kitanda cha mama mmoja aliyekuwa akifa.

Utoto wake na upadri wake

Giuseppe alizaliwa tarehe 3 Mei 1786 katika mji mdogo wa Bra, jimbo la Piemonte, upande wa kaskazini wa Italia. Alikuwa mzaliwa wa kwanza wa watoto 12. Kati yao sita walikufa wakingali wadogo. Basi nyumba yao iliyajua machozi kama nyumba zetu zinavyoyajua. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto, mama yake alimkuta siku moja akipima chumba kwa fimbo. Alipomwuliza sababu, mtoto alijibu kwamba alitaka kujua vitanda vingapi vya wagonjwa vingeweza kuenea humo.

Siku za ujana wake zilikuwa siku za taabu. Majeshi ya Wafaransa chini ya Napoleon yalikuwa yameitwaa nchi, na shule za mapadri zikafungwa. Ilimpasa kijana huyu kusoma masomo ya upadri kwa siri. Hata hivyo hakurudi nyuma, akapewa upadri tarehe 8 Juni 1811. Baadaye alisoma tena mpaka akapata cheo cha daktari wa teolojia, na mwaka 1818 aliitwa Torino, mji mkuu wa nchi ile, awe mmoja wa makanoni wa kanisa la Corpus Domini. Makanoni ni mapadri wenye heshima wanaosali na kuhudumu pamoja katika kanisa moja kubwa.

Hapo padri Cottolengo hakukosa kitu. Alikuwa na nyumba, chakula, mavazi na heshima ya watu. Alikuwa mwema pia, akawapa maskini sadaka na kuwaungamisha watu saa nyingi, hata wakamwita kanoni mwema. Lakini moyo wake haukutulia. Alijiona kama mtu anayelima shamba la mwenziwe, na shamba lake mwenyewe limeota majani. Alimwomba Mungu amwonyeshe kazi yake, na Mungu alinyamaza. Miaka ikapita. Katika taabu hiyo ya roho alianza kusoma maisha ya Mtakatifu Vincent de Paul, baba wa maskini wa Ufaransa, na maneno ya kitabu kile yakaanza kumchoma moyo.

Mama aliyekosa mahali

Siku ya Dominika, tarehe 2 Septemba 1827, gari la farasi lilifika Torino kutoka Milano. Ndani yake mlikuwa jamaa ya Wafaransa waliokuwa wakirudi kwao: baba, mama na watoto wao wadogo. Mama alikuwa na mimba, tena alikuwa na homa kali. Mumewe alimpeleka hospitali kubwa. Huko walimkataa, kwa kuwa hospitali ile haikupokea wanawake wenye mimba. Akampeleka kwenye nyumba ya wazazi. Huko pia walimkataa, kwa kuwa alikuwa na ugonjwa, nao waliogopa kwamba wengine wangeambukizwa. Kila mlango ulikuwa na sheria yake, na mama yule hakuenea katika sheria yoyote. Mwishowe walimlaza katika nyumba ya kulala maskini wapitao njia.

Watu walipoona anakufa, walikwenda kutafuta padri. Wakampata Cottolengo. Akaja upesi, akampa Sakramenti, akakaa naye. Mama yule akafa mbele ya mumewe na mbele ya watoto wake waliokuwa wakilia. Katika mji ule mlikuwa na mfalme, matajiri, makanisa mengi na madaktari, lakini hamkuonekana kitanda kimoja kwa ajili ya mama mgeni.

Padri Cottolengo alitoka pale na moyo uliopondeka. Hakwenda kwake kupumzika. Aliingia kanisani, akapiga magoti mbele ya Ekaristi Takatifu, akamwuliza Mungu kwa nini alimwita aone jambo lile, na alitaka nini kwake. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akasimama. Akaamuru kengele zipigwe na mishumaa iwashwe katika altare ya Bikira Maria. Watu wakaja mbio wakidhani pana jambo kubwa. Akasali nao litania ya Mama Maria, kisha akawaambia kwa furaha kwamba neema imekwisha kupatikana. Hawakufahamu. Yeye alifahamu: shamba lake lilikuwa limeonekana.

Ndugu, angalieni vema. Aliomba nuru, na nuru ilikuja kwa njia ya huzuni. Mara nyingi twamwomba Mungu msaada tukiutazama mlango wa mbele, naye huuleta kwa mlango wa nyuma.

Vitanda vya kwanza

Cottolengo hakungoja kuwa na fedha nyingi. Aliuza vitu alivyokuwa navyo, na inasimuliwa kwamba hata joho lake la kanoni aliliuza. Tarehe 17 Januari 1828 alifungua vyumba vichache vya kupanga karibu na kanisa lake, katika nyumba iliyoitwa Volta Rossa. Aliweka vitanda vichache kwa ajili ya wale waliokataliwa na hospitali nyingine. Daktari mmoja alikuja kumsaidia, na mwenye duka la dawa pia. Mjane mmoja, Marianna Nasi, aliwaongoza wanawake waliotunza wagonjwa. Kutoka kwa wanawake hao shirika la masista lilizaliwa.

Lakini kazi ya Mungu haikosi majaribu. Mwaka 1831 habari za ugonjwa wa kolera zilienea katika nchi. Wakubwa wa mji waliogopa. Waliona kwamba si vema kuwalaza wagonjwa katikati ya watu, wakaamuru nyumba ile ifungwe. Wagonjwa wakaondolewa, na vyumba vikabaki vitupu. Kazi ya miaka mitatu na zaidi ilikuwa kama imezikwa kwa siku moja. Wengine walisema ni alama kwamba Mungu hakuitaka kazi ile.

Cottolengo hakunung'unika, wala hakugombana na wakubwa. Alikumbuka desturi ya wakulima wa kwao Bra, mahali palimwapo mboga nyingi. Aliwaambia watu wake kwamba kabichi hainenepi mpaka ing'olewe mahali ilipopandwa kwanza na kupandwa mahali pengine. Ninyi mnaopanda miche mwalijua neno hilo. Siku ile ya kuhamishwa mche hulegea, majani hulala, mtu aweza kusema umekufa. Kumbe mizizi yatafuta udongo mpya.

Tarehe 27 Aprili 1832 alitoka mjini, akaenda mahali paitwapo Valdocco, nje ya mji. Alikwenda kama maskini, na mgonjwa alichukuliwa katika kigari kilichovutwa na punda. Nyumba aliyoipata ilikuwa na vyumba viwili tu. Akaiita Nyumba Ndogo ya Maongozi ya Mungu. Kwa neno hilo Maongozi twafahamu ulinzi wa Mungu, ambaye huviangalia viumbe vyake vyote na kuviongoza, asisahau hata kimoja. Akachagua pia maneno ya Mtakatifu Paulo juu ya mapendo ya Kristu yanayotusukuma, yawe alama ya nyumba ile.

Nyumba isiyokuwa na ghala

Basi mche ule ulishika mizizi. Nyumba ilifuata nyumba, mpaka mahali pale pakawa kama kijiji. Cottolengo aliwapokea wagonjwa wasiopata mahali, yatima, vilema, viziwi wasioweza kusema, wenye kifafa, na wale ambao akili zao hazikukua. Hao wa mwisho watu waliwacheka na kuwaita wapumbavu. Yeye aliwaita wana wema, akawapenda kupita wengine. Aliwaweka watu wake katika jamaa jamaa, kila jamaa na nyumba yake na kazi yake, ili mtu asijione kama mzigo uliotupwa, bali ajione kama mtoto wa nyumbani.

Mtauliza chakula kilitoka wapi. Hata watu wa serikali waliuliza hivyo. Nyumba Ndogo haikuwa na mashamba makubwa ya kuitegemeza, wala mali iliyowekwa ili izae faida. Cottolengo hakutaka kuandika hesabu za fedha zilizoingia na zilizotoka. Kilichokuja leo kilitumika leo kwa ajili ya maskini. Mfalme Carlo Alberto alimheshimu sana, na mwaka 1833 aliikubali Nyumba Ndogo kwa sheria na kuiweka chini ya ulinzi wake. Cottolengo alishukuru, lakini hakuweka tumaini lake juu ya kiti cha mfalme. Alijua kwamba wafalme hufa na kusahau, na Mungu hafi wala hasahau.

Hazina yake ilikuwa sala. Alipanga watu wa nyumba wapokezane mbele ya Ekaristi Takatifu, ili sala isikatike mchana na usiku. Alianzisha pia masista ambao kazi yao ya kwanza ilikuwa kusali kwa ajili ya wote. Aliwafundisha watu wake kutamka Deo gratias, ndiyo kusema Mungu ashukuriwe, katika furaha na katika ukosefu.

Maana ukosefu ulikuwapo, msidhani sivyo. Ziko siku ambazo unga ulikwisha na watu walikuwa wengi. Wenye kumdai walikuja mlangoni wakitaka fedha zao, tena wengine kwa maneno makali. Siku hizo Cottolengo alikwenda kwanza kusali, akawaomba wagonjwa na yatima wasali pamoja naye. Msaada ulikuja, mara kwa mkono wa tajiri, mara kwa mkono wa mtu asiyetaja jina lake. Inasimuliwa kwamba msaada ulipokawia, aliuliza kama kimebaki kitanda kitupu ndani ya nyumba, au kama maskini amefukuzwa mlangoni. Kilipoonekana kitanda kitupu, aliamuru atafutwe mgonjwa wa kulala humo. Kwa akili ya watu hilo ni neno gumu: chakula hakitoshi, naye anaongeza wa kula! Lakini yeye aliwaza hivi: Mungu ni Baba, naye huleta chakula kwa kadiri ya watoto walio mezani. Tukiwafukuza watoto wake, twalifukuza na fungu lao.

Kutumaini si kukaa bure

Mtu mvivu asitwae habari hizi ziwe kinga yake. Cottolengo hakukaa kitini akingoja mikate ianguke kutoka mbinguni. Alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Aliwatembelea wagonjwa, aliungamisha, alijenga, aliomba sadaka, alitafuta madaktari na dawa. Watu wa nyumba yake wenye nguvu walifanya kazi, kila mtu kwa kadiri yake. Yeye alifanya kila kilichokuwa katika mkono wake. Kilichopita mkono wake, alimwachia Mungu bila kukosa usingizi.

Alijua pia kuona mambo madogo. Padri kijana aitwaye Giovanni Bosco alikwenda Nyumba Ndogo kuwasaidia wagonjwa. Ndiye Mtakatifu Yohane Bosco, ambaye Wasalesiani wake walifika Katanga mwaka 1911. Inasimuliwa kwamba Cottolengo alilishika vazi lake akamwambia kwamba ni jepesi mno, atafute la kitambaa kigumu, kwa sababu watoto wengi watalishika. Naye Bosco akawa baba wa vijana wengi, pale pale Valdocco.

Inasimuliwa tena kwamba mfalme, akiifikiria kesho ya nyumba ile, alimwuliza ni nani atakayeiongoza baada yake. Cottolengo alimwonyesha askari waliokuwa wakipokezana zamu nje ya dirisha. Mmoja huondoka, mwingine husimama mahali pake, na ulinzi haukatiki. Hivyo ndivyo Mungu atakavyofanya.

Kufa kwake

Siku ya jaribu la mwisho ikafika. Mwaka 1842 ugonjwa wa tifusi uliingia Nyumba Ndogo. Cottolengo aliwatunza watu wake mpaka yeye mwenyewe akashikwa. Aliikabidhi nyumba kwa padri Luigi Anglesio, akaenda Chieri, kwa ndugu yake aliyekuwa kanoni huko. Huko akafa tarehe 30 Aprili 1842, zikiwa zimebaki siku tatu atimize miaka 56.

Hapo moyo wa mtu waweza kuuliza: ushindi uko wapi? Mtu aliyemtumaini Mungu kwa kila kitu, mbona amekufa kwa ugonjwa ule ule wa maskini wake? Ndugu, tusijidanganye. Mungu hakuahidi kwamba anayemtumaini hataugua wala hatakufa. Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe alimtumaini Baba kuliko wote, akafa msalabani. Ushindi wake ulikuwa ufufuko. Mtumishi hapiti Bwana wake.

Lakini Mungu aliacha pia alama hapa duniani. Cottolengo alipokufa, waliokaa katika Nyumba Ndogo walikuwa zaidi ya 1,000. Wengi walidhani kwamba nyumba isiyo na akiba itakufa pamoja na mwenyewe. Haikufa. Padri Anglesio alisimama mahali pake kama askari wa zamu, na baada yake wengine. Leo Nyumba Ndogo ingali ipo Torino, ikiwatunza wagonjwa na maskini. Mwaka 1903 masista wake walifika hata Afrika, katika nchi ya Kenya, pamoja na wamisionari wa Consolata. Papa Benedikto XV alimtangaza Cottolengo mwenye heri mwaka 1917, na Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu tarehe 19 Machi 1934, siku kuu ya Mtakatifu Yosefu.

Neno kwetu sisi

Enyi wakatekumeni wapenzi, huenda kati yenu yumo mtu awazaye kwamba akibatizwa atapata mali, na mashamba yake hayataliwa tena na nguruwe wa mwitu. Huyo ataanguka siku ya taabu ya kwanza. Yumo pia mtu ambaye ameziacha hirizi kwa mdomo, lakini moja ameificha chini ya kitanda kwa ajili ya siku mbaya. Huyo amemwambia Mungu kwamba atamtumaini mpaka jua litakapokuwa kali, si zaidi. Mtu hawezi kuvuka mto akiwa na mguu mmoja ndani ya mtumbwi na mguu mmoja ukingoni.

Cottolengo atufundisha njia nyingine. Shamba lilime, dawa ya mgonjwa itafute kwenye zahanati, deni lako lilipe. Kisha kile usichokiweza mpe Mungu, wala usikichukue tena usiku ili kulala nacho. Ukiwa na taabu, usifunge mlango wako. Siku ya njaa ndiyo siku ya kumgawia jirani aliye na njaa kukupita, hata ikiwa ni kipande cha muhogo. Na kabla ya kulala, taja jambo moja ambalo Mungu amekutendea siku ile, umshukuru. Anayeshukuru kila siku hujifunza kumwona Baba yake akifanya kazi, na anayemwona akifanya kazi haogopi kesho.

Bwana wetu alituambia tuwatazame ndege, wasiolima wala kuweka ghalani, na Baba wa mbinguni huwalisha. Tutakaposali tena Baba Yetu jioni hii, tufikapo kwenye mkate wa leo tusiharakishe. Tumkumbuke mama yule aliyekosa kitanda, na padri yule aliyepiga kengele kabla ya kuwa na kitanda hata kimoja.

Mtakatifu Yosefu Benedikto Cottolengo, utuombee.